Mbacha na Msala: Historia ya Baiskeli ya Safari na Wanaoifufua

Waswahili wana methali mbili ambazo zikikutanishwa hugombana. Ya kwanza husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ya pili husema, kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ya kwanza humwonya mtu asiutupe mkeka wake mkuukuu kwa kuutamani msala wa mpitanjia. Ya pili hukiri kwamba nafsi ya binadamu hukipenda kipya hata kikiwa na madhara ndani yake. Yeyote anayekitwaa chombo cha zamani akataka kukirudisha kazini, kiwe jahazi, nyumba ya mawe au saa ya ukutani, hujikuta amesimama baina ya methali hizo mbili, na kila moja yamvuta upande wake.

Mvutano huo waonekana wazi katika historia ya chombo kimoja kidogo, nacho ni baiskeli ya safari: ile iliyoundwa si kwa mashindano wala kwa kwenda sokoni, bali kwa kumchukua mtu pamoja na mizigo yake mwendo wa siku nyingi. Katika mabanda ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani zimo baiskeli za namna hii zilizoundwa baina ya miaka ya 1930 na 1980, zimetundikwa ukutani, mipira imepasuka, cheni imeshikwa na kutu. Wako watu wanaozishusha, wakazifungua kipande kwa kipande mezani, wakazisafisha na kuzirudisha barabarani. Swali linalowakabili wote ni moja: katika chombo hiki, kipi kibaki na kipi kibadilishwe?

Mfano mmoja wa swali hilo ulitokea mwezi wa Januari 1963, katika majira ya baridi yaliyokuwa makali kuliko yaliyozoeleka Ulaya kwa miaka mingi. Mwanamke wa Ireland aitwaye Dervla Murphy, mwenye umri wa miaka 31, aliondoka Dunkirk, kaskazini mwa Ufaransa, akashika njia ya kwenda Delhi. Alipokuwa mtoto, siku ya kutimiza miaka kumi, alikuwa amepewa zawadi ya baiskeli kuukuu na atlasi, na tangu siku hiyo akaazimia kwamba ipo siku atakwenda India kwa baiskeli. Baiskeli aliyosafiria aliiita Roz, kwa kufupisha jina la farasi wa Don Quixote. Katika kitabu chake Full Tilt, kilichotoka mwaka 1965, ameeleza kwamba kabla ya safari aliiondolea baiskeli hiyo gia zake tatu, kwani aliona ni laini mno, hazitazistahimili njia za Asia. Roz ikavuka Yugoslavia, Uturuki, Uajemi, Afghanistan na Pakistan ikiwa na mwendo mmoja tu, ikafika Delhi mwezi wa Julai mwaka huo huo.

Je, aliyoyafanya Murphy yalikuwa kuihuisha baiskeli yake au kuirudisha nyuma? Aliyezoea kuhesabu maendeleo kwa wingi wa vipuri atasema aliirudisha nyuma. Lakini jawabu la haki halipatikani mpaka ijulikane kwanza gia hizo zilitoka wapi, na kwa nini baiskeli ya safari ikawa jinsi ilivyo.

Safari ndefu za baiskeli ni kongwe kuliko baiskeli yenyewe kwa umbo tulijualo leo. Mwaka 1878, katika mji wa Harrogate nchini Uingereza, liliundwa jumuiya ya wasafiri wa baiskeli, ambayo tangu 1883 ilijulikana kwa jina la Cyclists' Touring Club. Wakati huo baiskeli ilikuwa ile yenye gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma, na pedali zimefungwa kwenye gurudumu la mbele lenyewe. Hapakuwa na cheni wala gia. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja. Aliyetaka mwendo wa kasi hakuwa na njia ila kununua gurudumu kubwa zaidi, na ukubwa wa gurudumu ulikomea kwenye urefu wa miguu yake.

Kwa chombo cha namna hiyo, Thomas Stevens, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, aliizunguka dunia. Aliondoka San Francisco mwezi wa Aprili 1884 na gurudumu la inchi 50, akafika Yokohama mwezi wa Disemba 1886, mahali pengine akipanda, na mahali pengine, hususan milimani na penye matope, akiisukuma kwa miguu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1889, bwana huyo huyo alifika Unguja, safari hiyo si kwa ajili ya baiskeli bali ametumwa na gazeti la New York kupeleleza habari za Stanley huko bara. Kwa hiyo mtu wa mwanzo kuizunguka dunia kwa baiskeli alipata kuukanyaga mchanga wa visiwa hivi.

Wakati Stevens yuko njiani, chombo chake kilikuwa tayari kimeanza kupitwa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana ukubwa na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, akapata hataza ya mpira wa kujazwa upepo. Hayo mawili yalipoungana, baiskeli ikawa ndiyo hii. Lakini gurudumu kubwa la kale halikutoweka kabisa. Liliacha alama yake katika hesabu. Hadi leo wasafiri wengi wa Kiingereza na Kimarekani huipima gia kwa inchi: huhesabu meno ya mbele, wakayagawa kwa meno ya nyuma, kisha wakazidisha kwa kipenyo cha gurudumu. Meno 52 mbele na 14 nyuma, kwa gurudumu la inchi 27, hutoa inchi 100. Maana yake ni kwamba mpandaji huenda kama aliyekalia gurudumu la kale lenye kipenyo cha inchi 100, gurudumu ambalo hapana mguu wa binadamu ungeweza kulifikia. Ndivyo ilivyo lugha nayo: kitu hufa, jina lake likabaki linafanya kazi nyingine.

Cheni iliufungua mlango wa gia, lakini mlango huo haukuingiwa bila ya ugomvi. Mtetezi mkubwa wa gia alikuwa Mfaransa Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyezaliwa 1853, mhariri wa jarida la Le Cycliste, ambaye wasomaji walimjua kwa jina la Vélocio. Mji wake umezungukwa na milima, na mlima ndio uliomfunza. Aliona kwamba mguu wa mtu una mwendo wake unaoufaa, na si haki kuulazimisha mguu uo huo, kwa kipimo kile kile, kwenye tambarare na kwenye mwinuko. Miaka mingi aliitumia kujaribu njia za kuihamisha cheni kutoka meno haya kwenda meno yale, na kuwahimiza watu wasafiri kwa kiasi, wale kabla ya njaa, wapumzike kabla ya kuchoka. Alifariki mwaka 1930 kwa kugongwa na tramu katika mji huo huo.

Waliompinga walikuwa watu wa mashindano. Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, aliziona gia za namna hiyo kuwa ni msaada usiomstahiki mwanamume imara, na mashindano yake hayakuziruhusu mpaka mwaka 1937. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, msafiri wa kawaida aliyekwenda mlimani Jumapili na mkewe alikuwa na chombo bora kuliko bingwa wa Ufaransa. Jambo hili ladai kukumbukwa, kwa sababu wengi hudhani kwamba kila kizuri katika baiskeli kilishuka kutoka kwa mabingwa kuja kwa watu wa kawaida. Gia zilipanda kutoka chini.

Kutokana na wasafiri hao Ufaransa ikapata mafundi wa aina ya pekee. Kuanzia mwaka 1934 yalifanywa majaribio ya vyombo katika njia mbovu za milimani, ambamo baiskeli ilipimwa wepesi wake, kisha ikapunguziwa alama kwa kila kilicholegea au kuvunjika njiani. Mafundi kama René Herse na Alex Singer, wa Levallois-Perret karibu na Paris, waliunda baiskeli ambazo madigadi, karia, taa na waya zake vilifikiriwa pamoja na fremu tangu siku ya kwanza, wala havikutundikwa baadaye kama vikorombwezo. Baiskeli aliyoitoa Herse katika majaribio ya 1938 ilikuwa na uzito usiofika kilo 8 pamoja na taa na madigadi yake. Magurudumu yao aghalabu yalikuwa ya kipimo kiitwacho 650B, madogo kidogo na yenye mipira minene iliyomeza mashimo ya njia.

Uingereza nayo ilikuwa na utajiri wake, nao ulikuwa chuma. Mwaka 1897 kampuni ya Reynolds ya Birmingham ilipata hataza ya bomba ambalo ukuta wake ni mnene kwenye ncha na mwembamba katikati, ilhali kwa nje ni sawasawa. Unene hukaa pale penye kiungo, panapobeba mzigo. Wembamba hukaa pale pasipokuwa na haja ya unene. Mwaka 1935 kampuni hiyo ikatoa chuma chenye manganizi na molibdenamu, kikaitwa 531, na kwa muda wa miaka hamsini kibandiko cha nambari hiyo kwenye fremu kilikuwa ni cheti cha nasaba. Mabomba hayo hayakupenda moto mkali. Yaliingizwa katika viungo vya chuma kisha yakaunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa, na kwa ajili hiyo bomba lililopinda au kuvunjika laweza kutolewa na fundi stadi, akaweka jingine. Uwezo huo wa kutengenezeka ni sababu mojawapo ya baiskeli hizo kuwapo mpaka leo.

Mwaka 1971 kampuni ya Dawes, ya Birmingham vilevile, ilianza kuuza baiskeli iitwayo Galaxy. Kabla ya hapo, aliyetaka baiskeli nzuri ya safari aghalabu alikwenda kwa fundi akapimwa kama anayeshonewa kanzu. Sasa aliweza kuingia dukani akatoka nayo, madigadi na karia vikiwa tayari. Mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka mia mbili, watu zaidi ya 4,000 walishiriki katika safari ya kuivuka nchi hiyo kwa baiskeli baina ya Oregon na Virginia, na viwanda vya Japani navyo vikaunda baiskeli za safari zilizokuwa imara na za bei nafuu. Kisha, katika miaka ya 1980, ikaja baiskeli ya milimani yenye hendeli iliyonyooka na mipira minene. Huo ndio uliokuwa msala wa mpitanjia. Watu wakaukimbilia, na mbacha zikatundikwa mabandani.

Basi hiyo ndiyo baiskeli inayoshushwa ukutani leo. Kazi ya kuifufua nyumbani huanza kwa kutazama, siyo kwa spana. Mwenye busara huipiga picha kila upande na kuandika mpangilio wa kila kipande kabla ya kukifungua, kwani gololi ikishamwagika sakafuni haisemi ilikuwa ikikaa wapi. Hutafuta nambari ya fremu, na kuulinganisha umbo la viungo vyake na kumbukumbu zilizopo. Nchini Uingereza iko jumuiya, Veteran-Cycle Club, iliyoundwa mwaka 1955, ambayo wajuzi wake husaidia kuutambua umri wa chombo. Huupitisha ukucha polepole chini ya viungo, akitafuta ufa, kwa maana fremu yenye ufa si ya kupakwa rangi bali ni ya kupelekwa kwa fundi au kuzikwa.

Adui wa kwanza ni kutu, na wa pili ni vyuma viwili vilivyokaa pamoja muda mrefu. Watu wa Pwani hawahitaji kufunzwa kutu. Upepo wa bahari wenye chumvi huwafunza tangu utotoni. Lakini bomba la alumini linaloshika kiti, likiachwa miaka thelathini ndani ya fremu ya chuma bila ya grisi, hushikamana nayo hata yakawa kama kitu kimoja. Hapo nguvu ndiyo inayoharibu. Dawa ni mafuta yapenyayo, kungoja siku kadhaa, kuipasha moto fremu kidogo, na kulizungusha bomba taratibu, nusu nywele kwa nusu nywele. Wengi waliokosa subira wameivunja fremu ambayo ilinusurika vita vya dunia. Likishatoka, ndani ya mabomba hupakwa mafuta ya kitani au dawa ya kuzuia kutu, na bomba jipya huingizwa kwa grisi, ili mjukuu asije akamlaani babu.

Hatari nyingine imejificha katika nyuzi za skrubu. Sehemu ya chini ya fremu, inapopita ekseli ya pedali, ilikatwa nyuzi kwa kipimo cha kila taifa. Kwa Waingereza, kikombe cha upande wa kulia hufunguka kwa kuzungushwa kinyume na kilivyozoeleka. Kwa Wafaransa na Wataliano, pande zote hufunguka kwa njia moja, na kila taifa lina kipenyo chake. Raleigh ya Nottingham nayo, ikiwa ni kampuni kubwa isiyotaka kumtegemea mtu, ilikuwa na nyuzi zake yenyewe: 26 kwa inchi, ambapo Waingereza wenzake walitumia 24. Anayekilazimisha kipuri kisicho chake huzila nyuzi za fremu, na nyuzi zilizolika hazirudi. Ni sawa na mtu anayezisoma herufi za Kiarabu kama kwamba shairi limeandikwa kwa Kiarabu, ilhali limeandikwa kwa Kiswahili: herufi ni zile zile, lakini maneno yanakataa.

Baada ya kusafisha, huja kuhuisha. Yako mambo ambayo hayana mjadala kwa sababu yanahusu roho ya mtu. Waya za breki zilizokaa miaka hubadilishwa, pedi zilizogeuka jiwe hutupwa, tairi zilizopasuka huondolewa, na hendeli ya alumini yenye dalili ya ufa haistahiki kuonewa huruma, kwani alumini huchoka na hukatika bila ya kutoa onyo. Katika jumla hiyo huingia ringi za chuma zilizopakwa kromu, ambazo hung'ara kama kioo lakini mvua ikinyesha pedi huteleza juu yake, na baiskeli husimama mbali sana na pale mpandaji alipotaka. Ringi ya alumini husimama vyema zaidi na ni nyepesi. Mwenye kusema kwamba ringi za kromu ndizo za asili amesema kweli. Lakini gari linalokuja mbele halijali asili.

Kuna mambo mengine ambayo ni ya kuchagua. Baiskeli nyingi za Kiingereza na Kimarekani za miaka ya 1970 zilikuwa na magurudumu ya inchi 27, ambayo tairi zake leo ni chache na za aina chache. Gurudumu liitwalo 700C, linalotumika duniani kote hivi sasa, ni dogo kwa milimita 8 tu za kipenyo pale tairi inapokaa. Kwa hiyo pedi za breki huteremshwa milimita 4, na baiskeli ikapata nafasi ya kuvaa mipira minene zaidi pamoja na madigadi. Wengine huteremka zaidi hadi 650B, kile kipimo cha akina Herse, ikiwa mikono ya breki zao inafika. Na hapa historia imefanya mzaha wake: kipimo hicho, kilichodhaniwa kimekufa, kilirudishwa na viwanda vya baiskeli za milimani katika miaka ya 2010 kwa jina la 27.5, kikauzwa kama uzushi mpya kabisa. Msala ulikuwa ni mbacha uliofuliwa.

Gia nazo huhitaji hesabu. Baiskeli ya miaka ya 1970 aghalabu ilikuwa na meno 52 na 40 mbele, na 14 hadi 28 nyuma. Gia yake nyepesi ni kama inchi 39. Pedali ikizunguka mara moja, chombo chasogea mita 3 hivi. Kijana wa miaka ishirini aliupanda mlima kwa gia hiyo akiimba. Sasa ana miaka sabini, na mlima haukupungua. Akiweka meno 28 mbele na 34 nyuma, gia hushuka hadi inchi 22, na kwa kila mzunguko atakwenda mita moja na robo tatu. Atafika polepole, lakini atafika amekaa kitini.

Ikiwa atataka friwili ya meno mengi zaidi, gurudumu jipya la nyuma litakuwa pana kuliko nafasi ya fremu. Fremu ya gia kumi ina nafasi ya milimita 120. Magurudumu mengi yaliyokuja baadaye hutaka 130 au 135. Chuma huweza kupanuliwa polepole, milimita tano kila upande, kisha hupimwa kwa uzi: uzi hufungwa kwenye sikio moja linaloshika ekseli, ukazungushwa mbele kwenye bomba la kichwa, ukarudi kwenye sikio la pili, na umbali wa uzi na bomba la kiti hulinganishwa kulia na kushoto. Ukiwa sawa, fremu imenyooka. Alumini na nyuzi za kaboni hazikubali kutendewa hivyo, zikipindwa zimekwisha. Ni chuma tu kinachokubali kusahihishwa, na hata chenyewe si mara nyingi.

Hapa ndipo ulipo mpaka ambao wafufuaji wazuri huutambua, ingawa si wote wanaoutaja: mpaka baina ya kinachoweza kurudishwa na kisichoweza. Gurudumu lililofungwa kwa nati laweza kufunguliwa kesho, na lile la zamani, lililowekwa ndani ya sanduku likiwa na karatasi yenye maelezo, likarudi mahali pake. Kiti, taa, pedali na breki ni vya jumla hiyo. Lakini tundu lililotobolewa katika fremu halizibiki likawa kama halikuwapo. Kishikizo kilichokatwa kwa msumeno kwa kuwa hakipendezi hakioti tena. Na rangi ya asili, hata ikiwa imekwaruzwa, ikishasuguliwa kwa msasa huondoka na mkono wa mtu aliyezichora zile nyuzi za dhahabu kwa brashi, na hapana duka linalomuuza mtu huyo. Baiskeli yaweza kupakwa rangi mpya mara nyingi. Rangi yake ya kwanza huipata mara moja tu.

Wapenzi wa tungo wataujua mpaka huo mara moja, kwani ndio ule ule wa miswada. Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, mwanakili mashuhuri ambaye kazi za mkono wake zimehifadhiwa London na Hamburg, alizinakili tenzi za kale ili zisomwe na watu wa zama zake. Mwenye kuunakili utenzi katika hati mpya ameubadilisha gurudumu lake. Utenzi ni ule ule, na mswada wa kwanza ukingali upo mtu aweza kurudi kuutazama. Mwenye kuandika maana ya neno gumu pembeni mwa ukurasa ameiongezea baiskeli taa. Lakini mwenye kulifuta neno asilolielewa na kulitia lake, kisha akautupa mswada wa zamani, ametoboa fremu. Kizazi kijacho hakitajua hata kwamba palikuwa na neno jingine.

Na hata hivyo, mswada usionakiliwa wala kusomwa huliwa na mchwa. Kosa la pili, lililo kubwa sawa na la kwanza, ni la mwenye kuitengeneza baiskeli hata ikawa kama iliyotoka kiwandani leo, kila nati ya mwaka wake, kisha akaitundika ukutani na kumkataza mtoto kuigusa. Herse na Singer waliziunda baiskeli zao zipimwe njiani. Baiskeli yao isiyokwenda, hata ikiwa timilifu, imepungukiwa na kile hasa kilichoifanya iundwe.

Mafundi wa Pwani wameyajua haya bila ya kuyaandika. Baiskeli nzito ya Kiingereza, yenye breki za vyuma badala ya waya, ilienea duniani kwa jina la Raleigh, kisha umbo lake likaigwa India na China, likaja tena kwa majina ya Hero na Phoenix. Kwa kuwa waigaji walivifuata vipimo vya awali kwa uaminifu, fundi chini ya mwembe huweza kuchanganya krenki ya Kihindi, habu ya Kichina na fremu ya Nottingham, chombo kikabeba gunia la mkaa, mke na mtoto. Hakuna anayeiita kazi hiyo ufufuaji. Huitwa kutengeneza baiskeli. Leo kiwanda cha Nottingham hakiundi tena: Raleigh iliacha kuunda fremu mjini humo mwaka 1999, na ikafunga kiwanda chake cha kuunganishia mwaka 2002. Kampuni ya Sturmey-Archer, iliyowapa Waingereza gia tatu ndani ya habu tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, iliuzwa Taiwan mwaka 2000, na huko ingali ikitengeneza habu hizo. Kiwanda kinaweza kuondoka. Kinachobaki ni kipimo, na mkono unaokijua.

Sasa swali la Murphy laweza kujibiwa. Gia zilizovumbuliwa kwa taabu na watu wa Saint-Étienne, zikapiganiwa kwa miaka arubaini, yeye aliziondoa kwa siku moja, na hakukosea. De Vivie mwenyewe hakuzitafuta gia kwa kuwa ni mpya. Alizitafuta kwa kuwa kwao kuna milima. Murphy aliziondoa kwa kuwa mbele yake palikuwa na njia za mawe na vumbi, na mbali na fundi yeyote mwenye vipuri vyake. Wote wawili waliiuliza njia kabla ya kukiuliza chombo. Na mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 60, alipopita Kenya, Uganda na Tanzania akielekea Zimbabwe, safari aliyoiandikia kitabu na kukipa jina lenye neno la Kiswahili, The Ukimwi Road, hakuja na Roz. Alikuja na baiskeli ya milimani. Njia ilikuwa nyingine, na miguu nayo ilikuwa imeongezeka umri. Alifariki mwezi wa Mei 2022 katika mji wa Lismore.

Kwa hiyo methali zile mbili si lazima zigombane. Ya mbacha haikusema mkeka usishonwe panapotatuka, ilisema usiachwe. Na ya kinyemi haikusema kipya kisitwaliwe. Ilisema kichunguzwe, huenda ndani yake mna kidonda. Mwenye kuishusha baiskeli ya safari kutoka ukutani, akaipa tairi, breki na gia zinazoifaa njia anayoikusudia, akayaweka ya zamani sandukuni pamoja na maelezo yake, kisha akaipanda, atakuwa amezitii zote mbili. Iliyobaki ni kuitia upepo asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kutoka.